Kuchambua shairi la uhuru: anza na mizani, malizia na toni

Swali la ushairi katika Karatasi ya 3 (fasihi) ya Kiswahili kwenye KCSE, mtihani wa kitaifa wa kidato cha nne Kenya, hubeba alama 20 kati ya 80. Ukigawa saa mbili na nusu kwa maswali manne, una kama dakika 37. Tano za kwanza usiandike jibu lolote. Soma shairi mara mbili, mara ya pili kalamu ikiwa mkononi. Shairi la kizalendo lina hila yake: likianza kwa sifa, mtahiniwa huandika "toni ya kusifu" akafunga duka, kumbe mbele huko nafsi-neni (anayezungumza ndani ya shairi) analia.

Tutumie ubeti huu wa mazoezi:

Ewe Uhuru mwandani, ulozaliwa usiku,
Wazee wetu vitani, walikesha kwa shauku,
Damu mbegu udongoni, ikaota kila siku,
Mbona leo mlangoni, twabisha tungali huku?

Umbo kwanza, kwa sababu halina ubishi. Mishororo minne: tarbia. Vipande viwili kila mshororo: ukwapi (cha kwanza) na utao (cha pili). Vina, yaani silabi za mwisho za vipande: vya ndani ni -ni, vya nje -ku. Kama beti zote zinashika vina hivyo, ni mtiririko; vikibadilika ubeti hadi ubeti, ukaraguni. Usiitaje bahari hiyo (aina ya shairi) kabla ya kufika ubeti wa mwisho.

Mizani, yaani idadi ya silabi, hesabu kwa kugonga meza kidole. Hapa kila kipande kina 8. Wanaokosea hujikwaa kwenye M na N zinazosimama zenyewe: "mlangoni" ni m-la-ngo-ni, mizani 4, "nchi" ni 2, "mwananchi" ni 4. Lakini "mbegu" ni 2 tu, maana mb hapo hutamkwa pamoja na e.

Na vina viangalie kwa macho, si kwa sikio pekee. Ukiwa Kisumu au Siaya, ambako Kidholuo huivuta sh kuwa s, -sha na -sa vinaweza kukusikikia sawa. Nakuru nako wapo wanaochanganya -la na -ra. Kwenye karatasi hivyo ni vina tofauti.

Idhini ya kishairi, yaani uhuru wa mshairi kukiuka kanuni za lugha, ndiyo inayowatoa wengi jasho. "Ulozaliwa" ni inkisari (ufupisho) ya "uliozaliwa": neno kamili lingefikisha utao mizani 9, ndiyo maana limefupishwa. Sababu hiyo iandike. "Twabisha" je? Wengi huiita inkisari ya "tunabisha", lakini huo ni wakati wa -a-, sarufi ya kawaida kabisa. Mfano bora zaidi ni mpangilio wa "twabisha tungali huku". Katika mazungumzo tungesema "tungali twabisha huku". Mshairi ameboronga sarufi ili kutanguliza tendo la kubisha.

Sasa tamathali za usemi. Kila moja ipe vitu vitatu: jina, nukuu, kazi. Tuone "Damu mbegu udongoni". Ni sitiari, si tashbihi, kwa kuwa hakuna "kama", "mithili ya" wala "ja". Jibu hafifu huishia hapa: "Sitiari, damu mbegu, inafanya shairi livutie." Sentensi hiyo unaweza kuibandika hata kwenye shairi la harusi. Jibu lenye uzito: "Damu ya waliokufa inalinganishwa moja kwa moja na mbegu, kuonyesha kwamba vifo vyao havikuzima mapambano bali vilizaa wapiganaji wengine."

Mshororo wa kwanza una tashihisi, kwani Uhuru anazaliwa kama mtoto na kuitwa mwandani. "Usiku" nao si pambo: bendera ya Kenya ilipandishwa usiku wa manane kuamkia tarehe 12 Desemba 1963. Vivyo hivyo ukikuta shairi limetaja Chetambe, ngome ya Wabukusu karibu na Webuye iliyoshambuliwa na Waingereza mwaka 1895, au Koitalel arap Samoei, kiongozi wa Wanandi aliyeuawa 1905, usipite. Jina moja limebeba vita vizima, na kazi yake ni kukumbusha kwamba ukombozi haukuanza mjini Nairobi.

Toni iache mwisho, uifuate kwa vitenzi. "Walikesha" na "ikaota" ni vya zamani, "twabisha" ni cha sasa. Mpindo uko kwenye "Mbona leo". Swali hilo ni balagha, halingoji jibu, na ndani yake mna kinaya: waliopigania nyumba wako nje ya mlango. Kwa hiyo toni inatoka kwenye sifa na kuingia kwenye masikitiko. Andika zote mbili, na utaje mshororo inapogeukia. Nafsi-neni ni raia, mrithi wa wapiganaji ("wazee wetu", "twabisha"), si "mshairi". Nafsi-nenewa, yaani anayeambiwa, ni Uhuru.

Ukiulizwa lugha nathari (lugha ya kawaida isiyo ya kishairi), andika aya moja, vunja vina kabisa, na tamathali uzifumbue badala ya kuzinakili. Ubeti wetu ungekuwa hivi:

Uhuru, rafiki yetu uliyezaliwa usiku, wazee wetu walikesha vitani wakikutamani sana. Damu yao ilipomwagika, wapiganaji wengine walijitokeza kila siku. Kwa nini basi hadi leo tungali nje, tunabisha mlango?