Kufunga rejeta ya oili ya mbele kwenye Porsche 911 SC

Mwenye 911 SC akifika karakana yangu hapa Mombasa, malalamiko ni yale yale: nyuma ya malori pale Changamwe, mshale wa joto la oili unapanda. Rejeta simuuzii siku hiyo. Nafungua kwanza kifuniko cha injini na kupitisha vidole kwenye mpira unaozunguka injini pembeni. Mpira huo ukikatika, joto la ekzosi linapanda kutoka chini na feni inayopoza injini inalivuta tena. Hapo funga hata rejeta tatu, kazi bure. Kisha naangalia mkanda wa feni, taiming ya moto wa plagi, na ile rejeta ndogo iliyoshikana na injini yenyewe. Mapezi yake hulowa oili inayovuja, vumbi la Taru likaganda juu yake, hewa ikakosa njia.

Yote yakiwa sawa na bado oili inapita nyuzi 110 barabara ikiwa wazi, sasa tuzungumze.

Injini hii haiweki oili chini yake. Pampu inaivuta kuipeleka kwenye tangi lililo nyuma upande wa kulia, na njiani inapita kwenye themostati, yaani vali inayofunguka kwa joto, iliyojificha ndani ya uwazi wa tairi la nyuma la kulia. Oili ikifika nyuzi 85 hivi, themostati inafungua, oili inakwenda mbele kwa mabomba yanayopita chini ya mlango wa kulia, inapozwa ndani ya madigadi ya mbele, inarudi tangini. SC nyingi za miaka ya mwanzo zilikuja na bomba lililokunjwakunjwa tu huko mbele. Linatosha Ulaya, kwa kupanda Mariakani saa nane mchana, sithubutu. Mimi huweka rejeta ya mapezi ya aina iliyotumika kwenye Carrera 3.2, ile 911 iliyofuata baada ya SC, kwa sababu mabomba na themostati tayari zipo. Mwenye 911 T, ile ya zamani zaidi, isiyo na mabomba ajiandae kununua kila kitu, na bajeti yake ni nyingine kabisa.

Mwaga oili ikiwa vuguvugu, tangini na kwenye injini. Andaa ndoo kubwa, maana ni lita 10 hivi. Pandisha gari juu ya stendi, si jeki peke yake, utoe matairi ya kulia.

Sasa nati za mabomba, ambazo ndizo zinazokula siku. Ni nati kubwa, spana ya 36, na hewa ya chumvi ya huku huzishika vibaya, hasa pale kwenye themostati, kwa kuwa mwili wake ni alumini. Zisugue kwa brashi ya waya, zipulizie dawa ya kutu jioni, ziache zilale nayo. Asubuhi tumia spana mbili, moja ya kufungua na nyingine ya kushikilia upande wa pili. Ukiona bomba linajikunja pamoja na nati, simama. Ikate nati kwa msumeno kwa urefu, karibu ufike kwenye nyuzi za kuzungushia nati lakini usiziguse, halafu ipasue kwa patasi. Bomba utanunua jingine. Themostati ikiharibika nyuzi zake utaitafuta mpaka uchoke, na bei yake itakukosesha usingizi.

Rejeta iliyotoka kwenye injini iliyokufa usiipokee hata ya bure. Vipande vya chuma hujificha ndani, huwezi kuvisafisha vyote, na vitakuja kula beringi zako. Ukitaka kutumia hosi badala ya mabomba, nenda kwa wanaobana hosi za matingatinga, udai ya oili ya moto na kipenyo kisichopungua kile cha bomba la zamani.

Rejeta ikae juu ya mipira, isigusane na bati. Ziba pembeni kwa sponji ngumu ili hewa ipite katikati ya mapezi na wala si kando, na iachie njia ya kutokea kwenye uwazi wa tairi. Weka wavu wa kuzuia mawe. Kwa foleni za mjini ongeza feni ya umeme yenye swichi ya joto, rilei na fyuzi yake; isukume hewa upande ule ule inaoingilia gari likitembea. Nimeona ikifungwa kinyume, ikashindana na upepo.

Paka nyuzi oili, anza kila nati kwa mkono. Jaza oili, zungusha injini bila kuiwasha mpaka presha ionekane, ndipo uwashe. Shika bomba chini ya mlango: mwanzoni ni baridi, kisha linapata joto ghafla. Themostati imefunguka. Likibaki baridi huku geji imepita 90, zima utafute sababu.

Kijiti cha oili husomwa injini ikiwa moto, inaunguruma taratibu, gari liko sawasawa. Ukipima imezimwa utadanganyika, uongeze, na oili itatapikwa mpaka kwenye filta ya hewa. Ongeza nusu lita nusu lita. Baada ya safari ya kwenda Voi na kurudi, pitia kila nati kwa kitambaa cheupe, na rejeta uioshe kwa maji ya presha ndogo.