Kupima mikroplastiki baharini kwa njia ambayo mwenzako ataweza kuirudia

Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki Agosti 2017, Tanzania ikafuata tarehe 1 Juni 2019. Tangu hapo watu wanauliza: je, bahari imepata nafuu? Huwezi kujibu bila vipimo vya mikroplastiki (vipande vya plastiki visivyozidi milimita 5) vya miaka mbalimbali vilivyochukuliwa kwa njia moja. Ukikokota wavu wenye matundu ya maikromita 300, na mwenzako akachota maji kwa ndoo na kuyachuja kwa karatasi, yeye atahesabu nyuzi nyembamba ambazo kwako zimepenya na kwenda zake. Hakuna aliyekosea, ila namba zenu hazikai kwenye jedwali moja.

Naeleza hapa njia ya wavu wa manta, unaoelea juu ya maji na kukusanya vipande vya milimita 0.3 hadi 5.

Hatua ya 1: Jaza fomu kabla ya kung'oa nanga

Andika tarehe, saa, upana wa mdomo wa wavu, ukubwa wa matundu, nguvu ya upepo, maji yanajaa au yanakupwa, ni bamvua au maji mafu. Andika pia kama mvua imenyesha siku za karibuni. Mlango wa Mto Msimbazi, Dar es Salaam, wakati wa masika si ule wa kiangazi, na atakayelinganisha sampuli ya kusi na ya kaskazi bila kusema amelinganisha misimu tu.

Hatua ya 2: Kokota

Weka wavu ubavuni mwa boti, nje ya mkondo wa injini. Nenda kwa noti 2 hadi 3 (maili za baharini kwa saa), dakika 15, kisha rudia mara tatu kila kituo. Mdomoni funga mita ya mtiririko, kwa sababu bila hiyo hujui umechuja maji kiasi gani. Upepo ukiwa mkali, ahirisha: mawimbi huzamisha plastiki chini ya wavu. Mwani ukiziba matundu, fupisha muda na uandike. Ukimaliza, suuza kwa kumwagia maji upande wa nje wa wavu, ili maji ya kusuuzia nayo yachujwe.

Hatua ya 3: Zuia plastiki yako mwenyewe

Hapa ndipo kazi nyingi huharibika. Msimu mmoja tulikuta nyuzi nyingi za buluu kwenye sampuli. Tulipopitisha maji safi kwenye vifaa vilevile, nyuzi zikatokea tena: zilitoka kwenye fulana tulizovaa. Kazi ya wiki nzima ikatupwa.

Vaa nguo za pamba. Tumia chupa za kioo na vifaa vya chuma. Kwa kila kundi la sampuli, andaa sampuli tupu ya maji yaliyochujwa, ipitie hatua zote, na matokeo yake yaripotiwe. Chukua pia kipande cha kamba na rangi ya boti uvilinganishe baadaye.

Hatua ya 4: Maabara

Chekecha kwa chekeche za milimita 5 na 0.3. Yeyusha mwani na viumbe kwa haidrojeni peroksaidi ya asilimia 30 pamoja na myeyusho wa chuma. Mchanganyiko huu huchemka ghafla, hivyo vaa glavu na miwani. Kisha ongeza chumvi, plastiki ielee, uichuje. Kwa sampuli za juu ya maji chumvi ya kawaida inatosha. Kwa mchanga wa ufukweni haitoshi, maana plastiki nzito kama PET (ya chupa za maji) na PVC (ya mabomba) huzama ndani yake; tumia kloridi ya zinki.

Hesabu kwa hadubini, ukitenga nyuzi, vipande, utando na povu. Macho hudanganya, kwa hiyo peleka sehemu ya vipande kwenye mashine ya FTIR, inayotambua aina ya plastiki kwa mionzi ya infraredi, na useme ni vingapi vilithibitishwa.

Hatua ya 5: Ripoti kwa vipimo viwili

Tuseme mdomo una upana wa mita 0.6, umezama mita 0.15, umekokota mita 1,000. Eneo ni mita za mraba 600, ujazo ni mita za ujazo 90. Vipande 45 ni 0.5 kwa mita ya ujazo, au 75,000 kwa kilomita ya mraba. Toa vyote viwili, na nyuzi ziwe na safu yake.

Karatasi za kuchujia usizitupe. Zihifadhi kwenye visahani vya kioo vyenye lebo, ili mwingine akitaka kuhesabu upya azikute.