Kompyuta ya Ofisini Inapokataa Cheti cha Tovuti: Jinsi ya Kutafuta Chanzo cha Tatizo

Onyo la cheti cha usalama huja kwa sura ileile karibu kila mara: ukurasa mtupu, alama nyekundu ya hatari, na maneno yanayosema kwamba muunganisho wako si wa faragha. Watu wengi husoma hadi hapo, kisha huanza kutafuta kitufe cha kupita. Sehemu yenye manufaa iko chini zaidi, katika maandishi madogo yanayoanza na NET::ERR_CERT ukiwa kwenye Chrome au Edge, na ambayo kwenye Firefox mara nyingi huanza na SEC_ERROR, kwa kuwa msimbo huo ndio unaoeleza kivinjari kimekataa nini hasa. Kabla ya kufunga ukurasa, unakili au piga picha ya skrini inayoonyesha msimbo huo pamoja na anwani ya tovuti na saa ya kompyuta. Picha hiyo moja itamfaa fundi kuliko maelezo marefu ya simu kwamba “mtandao unasumbua”.

Cheti ni kitambulisho cha seva. Kinataja jina la tovuti, tarehe kinapoanza na kinapokoma kutumika, na mtoaji aliyekitia sahihi. Kompyuta yako, kwa upande wake, ina orodha ya watoaji wa ngazi ya juu kabisa inaowaamini, ambao vyeti vyao huitwa vyeti vya mzizi. Kivinjari huangalia kama jina linalingana na anwani uliyoiandika, kama siku ya leo iko kati ya tarehe hizo mbili, kama sahihi za watoaji zinaungana hadi kufika kwenye mzizi unaoaminika, na kama cheti hakijabatilishwa. Kimoja kikikosekana, onyo linatokea. Kasoro inaweza kuwa kwenye tovuti, kwenye mtandao wa ofisi au kwenye kompyuta yako, na kazi kubwa ni kujua ni wapi kati ya sehemu hizo tatu, kwa sababu dawa ya sehemu moja haisaidii nyingine, na mara nyingine huongeza hatari.

Majaribio mawili mafupi hupunguza uwanja wa kutafutia. Kwanza, fungua tovuti nyingine mbili au tatu zisizohusiana na ile iliyokataa. Pili, fungua tovuti iliyokataa kwa simu yako ukitumia bando la simu, baada ya kuzima Wi-Fi. Usipoizima utakuwa unapima mtandao uleule wa ofisi na jibu halitakuwa na maana. Ikiwa karibu kila tovuti inakataa kwenye kompyuta moja tu huku za wenzako zikifungua, chanzo kiko kwenye kompyuta hiyo, na saa ndiyo ya kushukiwa kwanza. Ikiwa kompyuta zote za ofisi zinakataa lakini simu yenye bando inafungua, tazama mtandao wa ofisi. Ikiwa simu nayo inaonyesha onyo lilelile, tovuti yenyewe ndiyo yenye kasoro, na hakuna utakachobadilisha kwenye kompyuta yako kitakachoirekebisha.

Saa hudharauliwa kwa sababu inaonekana jambo dogo. Katika ofisi ambazo umeme hukatika mara kwa mara, kompyuta za mezani zilizokaa miaka mingi huwa na betri iliyokwisha kwenye ubao mkuu, ile ya duara yenye namba CR2032 ambayo madukani huitwa betri ya CMOS. Umeme ukiwepo, kompyuta huhesabu muda vizuri; umeme ukikatika usiku, asubuhi huamka na tarehe ya miaka kadhaa iliyopita. Kwa kompyuta inayodhani ni mwaka 2015, cheti kilichotolewa mwezi uliopita bado hakijaanza kutumika, hivyo hutoa msimbo NET::ERR_CERT_DATE_INVALID, na Chrome huweza hata kueleza waziwazi kwamba saa yako iko nyuma. Katika Windows, bofya kwa kitufe cha kulia juu ya saa iliyo pembeni mwa skrini, chagua “Adjust date and time”, washa “Set time automatically”, kisha bonyeza “Sync now”. Mambo yakitengemaa leo na kuharibika tena baada ya umeme kukatika, badilisha betri. Kurekebisha saa kila asubuhi si matengenezo.

Katika ukurasa huohuo wa mipangilio, angalia pia ukanda wa saa. Vyeti hupimwa kwa saa ya kimataifa, UTC, na si kwa namba unazoziona kwenye skrini. Kompyuta iliyonunuliwa ikiwa imetumika nje ya nchi inaweza kuwa bado imewekwa kwenye ukanda wa huko, na mtu akaisahihisha kwa kusogeza mishale ya saa badala ya kuchagua UTC+03:00 Nairobi, unaotumika Tanzania, Kenya na Uganda. Skrini itaonyesha saa sahihi, lakini hesabu ya ndani itakuwa imepotoka kwa saa kadhaa. Kwa vyeti vingi hilo halitaonekana. Litajitokeza kwa cheti kilichotolewa leo hii, na pia kwa namba za uthibitisho zinazobadilika kila nusu dakika, ikiwa zinatolewa na programu iliyo kwenye kompyuta hiyo, ambazo zitakuwa zinakataliwa bila sababu inayoeleweka. Ikiwa kompyuta imeunganishwa na seva ya ofisi, huenda usiruhusiwe kugusa saa, kwa kuwa inaitoa kwenye seva hiyo. Ikikosewa huko, itakosewa kwa wote.

Saa ikiwa sahihi na msimbo ukawa NET::ERR_CERT_AUTHORITY_INVALID, au SEC_ERROR_UNKNOWN_ISSUER katika Firefox, usiendelee kukisia. Kifungue cheti ukisome. Katika Chrome na Edge, bofya maneno “Not secure” kushoto mwa anwani kisha ufuate mpaka kwenye maelezo ya cheti. Katika Firefox, bonyeza “Advanced”, halafu “View Certificate”. Tafuta sehemu ya “Issued By”, yaani mtoaji. Kwa maoni yangu, huo ndio mstari wenye thamani kuliko yote katika jambo hili zima, na ndio ambao karibu hakuna anayeusoma.

Mtoaji akiwa na jina la programu ya kukinga virusi, kwa mfano ESET, Avast au Kaspersky, maana yake programu hiyo iliyo ndani ya kompyuta yako inafungua mawasiliano yaliyosimbwa, yaani yaliyofichwa ili wengine wasiyasome, na kuyakagua, kisha inayafunga upya kwa cheti chake. Onyo hutokea pale ambapo cheti chake cha mzizi hakikuingizwa vizuri, au kilibaki cha zamani baada ya programu kusasishwa. Kuisakinisha upya kwa kawaida hutosha. Mtoaji akiwa na jina la kifaa cha ulinzi wa mtandao, kama Fortinet au Sophos, au jina la taasisi yako mwenyewe, basi ukaguzi huo unafanyika kwenye mtandao wa ofisi. Kompyuta zinazosimamiwa na ofisi huwa zimewekewa cheti cha mzizi cha kifaa hicho, hivyo hazilalamiki. Inayolalamika ni kompyuta mpya ambayo haijasajiliwa, kompyuta mpakato ya mgeni, au Firefox iliyopangwa isisome orodha ya Windows, kwa kuwa kivinjari hicho hubeba orodha yake yenyewe ya watoaji.

Kuna sura nyingine ya tatizo hilohilo ambayo huwapotezea watu muda mwingi. Ofisi ikizuia tovuti fulani, tuseme ya video, kifaa cha ulinzi hujaribu kukuonyesha ukurasa wa kusema kwamba imezuiwa. Lakini kwa vile kivinjari kilikuwa kinasubiri cheti cha tovuti ya video na badala yake kimepata cha kifaa, kinachojitokeza ni onyo la cheti na si taarifa ya kuzuiwa. Mtu huanza kufuta historia ya kivinjari, kubadilisha saa na kuwasha upya kompyuta, kumbe hakuna kilichoharibika. Wi-Fi ya hoteli au uwanja wa ndege inayokutaka uingize namba ya chumba au ya simu hufanya vivyo hivyo ukiwa safarini na kompyuta ya kazi. Hapo fungua neverssl.com, tovuti iliyotengenezwa kwa makusudi bila usimbaji. Ukurasa wa kuingilia utatokea, na ukishaingia onyo litaondoka.

Je, ikiwa jina la mtoaji hulifahamu kabisa? Simama hapo. Usiingize nenosiri, na usikubali ushauri wa kupakua cheti cha mzizi kilichotumwa kwa barua pepe au kwenye kundi la WhatsApp eti ndicho kitakachoondoa onyo. Ni kweli kitaliondoa, kwa sababu mwenye ufunguo wa siri wa kutilia sahihi vyeti kwa jina la mzizi unaoaminiwa na kompyuta yako anaweza kujifanya benki yoyote au mfumo wowote wa kodi bila kivinjari kushtuka. Mwaka 2015 ilibainika kwamba baadhi ya kompyuta mpakato za Lenovo ziliuzwa zikiwa na programu ya matangazo iitwayo Superfish, iliyoweka cheti chake cha mzizi ndani ya Windows huku ufunguo wa siri ukiwa mmoja kwa mashine zote. Yeyote aliyeuchimbua kwenye mashine yake aliweza kuzidanganya nyingine. Watumiaji wa mashine hizo hawakuona onyo lolote. Kwa hiyo cheti cha mzizi kiwekwe na kitengo cha TEHAMA cha ofisi yako pekee, kwa njia zake rasmi, na wewe usikiingize kwa mkono wako.

Tovuti kusahau kuhuisha cheti ni jambo la kawaida kuliko udukuzi. Mpaka Agosti 2020 cheti kiliweza kudumu zaidi ya miaka miwili. Tangu tarehe 1 Septemba 2020 kikomo kilishuka hadi siku 398, na mwezi Aprili 2025 jukwaa la watoaji vyeti na watengenezaji wa vivinjari, CA/Browser Forum, lilipitisha ratiba ya kukipunguza hadi siku 200 kuanzia Machi 2026, siku 100 kuanzia Machi 2027, na siku 47 kuanzia Machi 2029. Taasisi ambazo bado zinamtegemea mtu mmoja akumbuke kuhuisha kwa mkono zitaumbuka mara nyingi zaidi. Mhasibu anayekuta cheti cha mfumo wa ritani kimekwisha jana, na leo ni tarehe 20, siku ya mwisho ya VAT, atajaribiwa sana kupita onyo hilo, na ofisini watakuwapo wa kumwambia kwamba siku moja si kitu. Hata hivyo, kwenye ukurasa wa nenosiri au malipo msimamo ni ule mmoja, usipite: piga picha ya onyo yenye tarehe, wajulishe wenye mfumo kwa simu na kwa maandishi, na uhifadhi ushahidi kwamba ulijaribu kwa wakati.

Msimbo NET::ERR_CERT_COMMON_NAME_INVALID unahusu jina. Hakikisha kwanza kwamba hukukosea herufi, kisha jaribu anwani ikiwa na “www” na isipokuwa nayo, kwa kuwa cheti kinaweza kutaja moja na kuiacha nyingine. Ikiwa jina lililomo kwenye cheti ni la tovuti tofauti kabisa, waachie wenye tovuti.

Kompyuta za zamani zina maradhi yao. Tarehe 30 Septemba 2021, cheti cha mzizi kilichoitwa DST Root CA X3 kilikwisha muda, na mashine ambazo hazikuwa zimepokea masasisho zikaanza kukataa tovuti nyingi zinazotumia vyeti vya Let's Encrypt, mtoaji wa vyeti vya bure, ingawa tovuti hizo hazikuwa na kasoro. Windows hupakua vyeti vipya vya mzizi kimyakimya pale inapovihitaji, kwa hiyo hata mashine mpya inaweza kuathirika ikiwa mtandao wa ofisi umefunga anwani za masasisho ili kubana bando. Dalili yake ni kwamba Firefox inafungua tovuti huku programu nyingine za kompyuta hiyohiyo, kama ile ya barua pepe, zikikataa. Ruhusu masasisho yapite. Kuna pia hali ya kinyume, ambapo tovuti inafunguka kwenye kivinjari kimoja na si kingine kwa sababu msimamizi wake alisahau kuweka cheti cha kati kinachounganisha seva na mzizi. Baadhi ya vivinjari hukitafuta vyenyewe, vingine havifanyi hivyo. Kipimo cha bure cha SSL Labs hueleza wazi kama mnyororo wa vyeti umekatika, mradi tovuti inafikika kutoka nje.

Printa na ruta za ofisi, zinazofunguliwa kwa anwani kama 192.168.1.1, hujitengenezea vyeti vyao, na onyo hapo linatarajiwa. Mtu anayejua kwamba kweli amefungua kifaa kilichomo ndani ya jengo lake anaweza kupita kupitia “Advanced”. Tovuti nyingine hazionyeshi kitufe hicho kabisa, kwa kuwa zilikwisha kuagiza kivinjari kisiruhusu kupita. Kukosekana kwake si hitilafu ya pili.

Ukipeleka taarifa kwa kitengo cha TEHAMA, ambatisha ile picha, jina la mtoaji, majibu ya majaribio mawili ya mwanzo, na tukio lililotangulia, kama umeme kukatika au programu mpya kuwekwa. Tatizo likishatatuliwa, ondoa ruhusa zozote ulizowahi kutoa ukiwa na haraka. Katika Chrome, bofya “Not secure” kwenye tovuti husika kisha uchague “Turn on warnings”; katika Firefox, fungua mipangilio ya faragha na usalama, bonyeza “View Certificates”, na kwenye sehemu ya “Servers” ufute kila tovuti ambayo si kifaa cha ofisini mwenu.