Jinsi ya Kuitazama Clash of the Titans ya 2010 Sambamba na Ile ya 1981

Filamu ya Clash of the Titans iliyotoka Aprili 2010 iligharimu takribani dola milioni 125 na kuingiza karibu dola milioni 493 duniani kote, ilhali wahakiki wengi waliipokea vibaya. Anayetaka kuitazama leo hujikuta kati ya makundi mawili: wanaoisifu kwa mapigano yake na wanaoishutumu kwa kuiharibu filamu ya 1981. Naamini ipo njia ya haki zaidi, nayo ni kuzitazama zote mbili kwa mpangilio, ukiwa kichwani na kisasili chenyewe cha Kigiriki ambamo filamu hizo zimetokana, huku ukifuatilia jambo moja tangu mwanzo hadi mwisho: shujaa wake, Perseus, anazifanyia nini zawadi za miungu? Swali hilo ndilo linalofichua kila filamu inaamini nini.

Anza na kisasili, kwa sababu bila hicho huwezi kujua nani kabadilisha nini. Acrisius, mfalme wa Argos, alitabiriwa kuwa atauawa na mjukuu wake, kwa hiyo akamfungia binti yake Danaë katika chumba cha shaba; Zeus, mfalme wa miungu, akamjia kwa umbo la mvua ya dhahabu, na Perseus akazaliwa. Mama na mtoto walitiwa sandukuni na kutupwa baharini, wakafika kisiwa cha Seriphos, ambako mvuvi Dictys aliwaokoa. Mfalme wa kisiwa hicho, Polydectes, alimtaka Danaë, naye akamwondoa kijana kwa kumtuma akalete kichwa cha Medusa, dubwana la kike lenye nyoka badala ya nywele, ambalo anayelitazama hugeuka jiwe. Hapa weka alama, kwani Perseus hakushinda kwa nguvu zake peke yake: miungu Athena na Hermes walimwongoza, akapata viatu vyenye mabawa, kofia ya Hades, mungu wa kuzimu, ya kumfanya asionekane, mkoba wa kutilia kichwa, na upanga uliopinda kama mundu. Ni katika safari ya kurudi ndipo alipomkuta Andromeda, binti wa Cepheus na Cassiopeia wa Aethiopia, amefungwa mwambani ili aliwe na dubwana la baharini lililotumwa na Poseidon, mungu wa bahari, kwa kuwa mama yake alijigamba kuwa wao ni wazuri kuliko mabinti wa Nereus, nao ni wasichana wa kiungu wa baharini.

Ukishayajua hayo utaona kwamba filamu ya 1981 nayo haikuwa mtumwa wa kisasili. Kraken, dubwana la baharini la filamu hizi, ametoka katika masimulizi ya mabaharia wa Norwei, Calibos, adui wa Perseus mwenye umbo la kutisha, alibuniwa kwa ajili ya filamu, na farasi Pegasus, ambaye Wagiriki walisema alizaliwa kutokana na damu ya Medusa, katika hadithi za kale hupandwa na shujaa mwingine, Bellerophon. Hata Aethiopia imetoweka: filamu ya 1981 inampeleka Andromeda Joppa, yaani Yafa, mahali ambapo baadhi ya waandishi wa kale walipataja pia, na ile ya 2010 inamfanya binti wa Argos. Kwa hiyo usiilaumu filamu mpya kwa sababu tu imebadilisha; ilirithi uhuru huo.

Sasa tazama ile ya 1981. Mwongozaji wake ni Desmond Davis, lakini roho yake ni Ray Harryhausen, aliyetengeneza madubwana yote, na hii ilikuwa filamu yake ndefu ya mwisho. Alikuwa akitumia sanamu ndogo yenye viungo vinavyopinda, akiisogeza kidogo, akiipiga picha moja, kisha akiisogeza tena, na sekunde moja tu ya filamu hula picha 24. Mwendo wa madubwana hayo unakatikakatika, na kijana aliyezoea picha za kompyuta anaweza kucheka. Nashauri avumilie mpaka afike kwa Medusa, kisha azime taa za chumba.

Onyesho hilo linastahili kutazamwa mara mbili. Hekalu lina giza, na mwanga pekee ni wa moto unaochezacheza ukutani. Medusa huyu ana mwili wa nyoka kuanzia kiunoni, anajivuta sakafuni kwa mikono, ameshika upinde, na mkia wake unatoa mchakacho ambao unausikia kabla hujamwona mwenyewe. Perseus, anayeigizwa na Harry Hamlin, anasimama nyuma ya nguzo akiwa na ngao, jasho likimtoka, na hakuna maneno. Hofu yote inatokana na kusubiri. Ngao aliyonayo ni zawadi ya miungu, nayo humsaidia bila kumwondolea hatari. Ile kofia ya kumficha ameshaipoteza kinamasini, kwa hiyo inambidi abaki na akili na subira.

Ukifika kwenye filamu ya 2010, iliyoongozwa na Louis Leterrier, jambo la kwanza ni kuchagua nakala isiyo ya 3D, yaani ile isiyohitaji miwani maalumu ya kuonyesha kina cha picha. Ilipigwa kwa kamera za kawaida, na baada ya mafanikio ya filamu ya Avatar mwishoni mwa 2009, kampuni ya Warner Bros. iliyoitoa waliamua kuigeuza kuwa 3D, wakaisogeza tarehe ya kuitoa kwa wiki moja ili kazi ikamilike. Ugeuzaji wa namna hiyo huwalazimu mafundi kutenga kila kitu kilichomo katika picha, kukisogeza mbele au nyuma, na kubuni sehemu iliyokuwa imejificha nyuma yake; ukifanywa kwa haraka, nywele na kingo za mabega huonekana kama zimekatwa kwa mkasi. Miwani nayo hupunguza mwanga. Mandhari ya mlima wa volkano wa Teide katika kisiwa cha Tenerife, Hispania, ambako sehemu kubwa ya safari ilipigwa, hupendeza zaidi katika nakala ya kawaida. Pia tafuta sauti halisi badala ya nakala yenye sauti ya mtafsiri juu yake, kwa sababu Liam Neeson akiwa Zeus na Ralph Fiennes akiwa Hades wanazungumza kama ndugu wenye kinyongo cha siku nyingi, na hilo hupotea likisimuliwa na mtu mmoja.

Kisha rudi kwenye lile swali. Katika filamu ya 1981 sanamu ya Thetis, mungu wa kike wa bahari, inavunjika kichwa hekaluni, na uso wa mwigizaji wake, Maggie Smith, unatoa hukumu juu ya Andromeda. Kosa ni la majivuno, na adhabu ni ya kidini. Katika ile ya 2010 ni Hades anayeivamia karamu ya Argos, katika vita vya wazi kati ya wanadamu na miungu, na Perseus wa Sam Worthington anaingia vitani kwa sababu Hades amewaua wazazi waliomlea. Anapewa upanga wa Zeus naye anaukataa, akitaka kushinda kama mwanadamu. Hilo ni wazo zito, na kwa maoni yangu ndilo jambo bora kabisa ambalo filamu hii ililiongeza. Masikitiko yangu ni kwamba limeachwa njiani: anauokota upanga baada ya Io, mwanamke anayeandamana naye safarini, kuchomwa na Calibos, na filamu haisimami hata kidogo kumwonyesha amepoteza nini kwa kuukubali. Onyesho la Medusa lina kasoro hiyohiyo, kwa kuwa Medusa wa kompyuta ana kasi kubwa na hakuna nafasi ya kumwogopa.

Msomaji wa pwani atawatambua majini wanaojiunga na msafara, ambao si wa Kigiriki hata kidogo. Io naye katika visasili ni bibi wa kale wa ukoo wa Perseus, vizazi vingi nyuma yake, ila hapa amefanywa mpenzi.

Malizia kwa kulinganisha miisho. Ya 1981 inawaoza Perseus na Andromeda na kuwaweka angani kuwa nyota; ya 2010 inamrudisha Io hai na kumwacha Andromeda na ufalme wake. Ukiwa na muda, tazama pia mwendelezo wa 2012, Wrath of the Titans, ambamo Io amekwisha kufariki, Kronos, babaye Zeus, anajitokeza akiwa Titani wa kweli, yaani mmoja wa kizazi cha miungu kilichomtangulia Zeus, na Perseus anamrudia Andromeda kama Wagiriki walivyosimulia.