Mpime Mweka Hazina Kabla ya Kumkabidhi Chama

Chama cha watu 15 pale Kibuye, Kisumu, kila mmoja akichanga shilingi 500 kwa wiki, kinazungusha 7,500. Usimkabidhi mtu zote siku ya kwanza. Mpe daftari la faini kwa miezi mitatu.

Faini humpima mtu kuliko mchango, maana mchango una kiwango chake, ila kwenye faini yeye ndiye huamua nani atozwe na nani asamehewe. Kila mwisho wa mwezi lipitieni mstari kwa mstari. Mama mboga kachelewa dakika tano, katozwa 50. Rafiki wa mweka hazina kakosa kikao kizima, hana hata alama. Hapo mshamjua. Muulizeni risiti pia. Akisema “kwani hamniamini?” badala ya kufungua daftari, tafuteni mwingine.

Akipita, aingie kwenye akaunti, lakini pesa zitoke kwa sahihi tatu, na taarifa ya benki isomwe kila kikao. Laini ya M-Pesa ya chama asikae nayo pamoja na namba ya siri. Wengi huharibikia hapo, hata waliokuwa wapole. Muhula uwe mwaka mmoja, na pesa taslimu zihesabiwe mezani siku ya kukabidhiana.