Mtoto wako bado hajafika miaka mitatu? Anza na haya, presha na sukari za baadae zinaanzia hapa

Wazazi wenzangu, wengi tunapimwa presha na sukari tukishakuwa watu wazima, kumbe mizizi yake mingine ilianza mtu akiwa bado anabebwa mgongoni. Kule San Diego, Marekani, kati ya 1995 na 1997, daktari Vincent Felitti na mwenzake Robert Anda waliwauliza watu wazima zaidi ya 17,000 kuhusu utoto wao, kama walikuwa wanapigwa na kutukanwa, kama mama yao alipigwa, kama kulikuwa na mlevi ndani ya nyumba, halafu wakalinganisha na afya zao. Matokeo ya mwanzo yalitoka 1998, na waliopitia mengi ya hayo ndo walioonekana zaidi na magonjwa ya moyo, mapafu, ini, na sonona pia.

Sababu moja ni kwamba mtu aliyeumia utotoni anakimbilia sigara na pombe mapema, lakini mwili wenyewe nao unabeba. Mtoto akiogopa, homoni za stresi kama kotisoli zinapanda, moyo unakwenda mbio, sukari inamwagwa kwenye damu. Ikitokea mara moja halafu kuna mtu wa kumkumbatia inashuka, hamna shida. Ikiwa ni kila siku na hakuna wa kumbembeleza, mwili unazoea kukaa macho muda wote, na hapo ndo moyo na kinga ya mwili vinaanza kuchoka taratibu.

Sasa ufanye nini. La kwanza na kubwa kuliko yote, mjibu. Akilia nenda, akisema "ba-ba-ba" mwangalie usoni umjibu kama vile mnapiga stori, unachambua mchele mkalishe mbele yako umwambie unachofanya, huu mchele, hili jiwe, tunatupa jiwe. Chupa tupu ya maji weka maharage kidogo, funga kifuniko kwa nguvu kisifunguke, tayari ana cha kuchezea. Msiseme ni mambo ya wenye hela. Kingston, Jamaika, miaka ya 1980, mtafiti Sally Grantham-McGregor na wenzake walituma wahudumu wa afya wa kawaida kwa familia maskini zenye watoto waliodumaa, saa moja kwa wiki kwa miaka miwili, kazi yao kumuonyesha mama namna ya kucheza na kuongea na mwanae kwa vitu vya kutengeneza nyumbani. Miaka 20 baadae wale watoto walikuwa wanapata kipato kikubwa kwa asilimia 25 kuliko wenzao waliodumaa ambao hawakutembelewa, na dalili za sonona na ugomvi zilikuwa chache kwao. Mimi hii habari kila nikiikumbuka inanipa moyo sana, maana ni kuongea na kucheza tu.

La pili, acheni vitisho. "Nitamwita daktari akuchome sindano", "nitakupa kwa polisi", halafu siku anaumwa kweli tunashangaa mbona anapiga kelele kuanzia getini. Mtoto wa miaka miwili akijirusha chini kwa kunyimwa kisu, chuchumaa, mshike, sema maneno machache, "najua umekasirika, kisu hapana", mtoe hapo mpe kitu kingine. Fimbo hapana, kofi hapana. Ukiona hasira zimekupanda muweke mahali salama, toka barazani, vuta pumzi, kunywa maji, ndo urudi.

Ugomvi wenu wakubwa msifanyie mbele yake, hata mchanga wa miezi michache anasikia sauti ikibadilika. Na mama akijifungua halafu wiki zinapita analia tu, hana hamu na mtoto, hiyo siyo deko, aende kwa nesi aseme, na baba uende nae, usiku umpokee mtoto mwenzio alale. Kama mna dada wa kazi mfundisheni haya haya na muongee nae vizuri, maana mtoto anashinda nae, mtu anayefokewa asubuhi hadi jioni atatoa wapi upole?

Chakula wengi mnajua: maziwa ya mama peke yake miezi 6, kisha aanze dagaa, yai, maharage, mboga na matunda huku akiendelea kunyonya. Kliniki waombe wampime na urefu, kilo peke yake hazionyeshi kudumaa.

Na kama mtoto ameshapitia mabaya, usiseme ndo basi. Anachohitaji kuliko vyote ni mtu mzima mmoja anayemuamini, ambaye yupo kila siku, awe bibi, mjomba au mwalimu. Ukijua kuna mtoto anaumizwa, Tanzania na Kenya piga 116, ni bure, na siyo lazima awe wa kwako.