Jinsi ya Kukokotoa Makato Halisi ya Programu ya Teksi

Mwongozo huu umeandikwa kwa madereva wa teksi wa Mombasa wanaopata abiria kupitia programu za simu, na unajibu swali moja tu: katika kila nauli, mwenye programu anabaki na kiasi gani? Kanuni za mwaka 2022 zinazosimamiwa na NTSA, mamlaka ya uchukuzi na usalama barabarani ya Kenya, zinakataza kamisheni kuzidi asilimia 18. Kabla yake Uber ilikuwa ikikata asilimia 25. Hata hivyo, ukomo huo haukuambii kilichotoka mfukoni mwako, kwa hiyo hesabu ifanye mwenyewe.

Hatua ya kwanza ni kuandika kiasi alicholipa abiria. Usianze na kile ambacho programu inakiita mapato yako, kwa kuwa huenda baadhi ya makato yameshaondolewa kabla ya tarakimu hiyo kuonekana. Safari ya fedha taslimu haina shida. Iliyolipwa kwa kadi, mwombe abiria kwa adabu akuonyeshe risiti yake. Ikiwa alipewa punguzo, liandike pembeni, kisha hakikisha kwamba limefidiwa katika salio lako na utazame kama kamisheni imekatwa kwenye nauli kamili au iliyopunguzwa.

Hatua ya pili, jumlisha kila kilichokatwa, bila kujali kimepewa jina gani. Oktoba 2023 NTSA ilikataa kuhuisha leseni ya Bolt, programu nyingine ya teksi, kutokana na malalamiko ya madereva, na mojawapo lilihusu ada ya kuhifadhi safari iliyotozwa juu ya kamisheni. Tuchukue mfano wa abiria aliyetoka Nyali kwenda stesheni ya reli ya Miritini na kulipa shilingi 1,000. Ikiondolewa ada ya shilingi 50, zinabaki 950. Asilimia 18 ya hizo ni shilingi 171. Jumla ya makato ni 221, yaani asilimia 22.1 ya fedha alizotoa abiria.

Hatua ya tatu ndiyo ambayo madereva wengi huiruka, nayo kwa maoni yangu ni muhimu kuliko zote. Kamisheni hukatwa kwenye nauli nzima kabla ya mafuta, ilhali mafuta ni yako peke yako, ikiwa ni pamoja na yale uliyotumia kumfuata abiria na yale ya kurudi mtupu kutoka Miritini kwa sababu treni haijafika na hakuna wa kumpakia. Tukikadiria mafuta yote kuwa shilingi 300, kazi yenyewe imezaa 700. Gawanya 221 kwa 700, utapata karibu asilimia 32. Dereva anabaki na shilingi 479, na humo bado hajatoa hesabu ya mwenye gari (fedha anazompelekea), bima wala matengenezo. Rudia hesabu hiyo kwa safari fupi ya Nyali hadi Kongowea, ambako huenda ukapata abiria mwingine papo hapo, nawe utaona kwamba nauli kubwa si lazima iwe safari bora.

Hatua ya nne inahusu fedha taslimu. Nauli yote ikiingia mkononi mwako, makato hugeuka deni ndani ya programu, na likipita kiwango kilichowekwa huenda usipewe safari mpaka ulilipe. Tenga fungu hilo kila jioni katika M-Pesa.

Hatua ya tano, linganisha programu mbili kwa wiki moja moja katika daftari lile lile, ukitumia asilimia ya hatua ya tatu. Mimi naona kamisheni ni halali kwa mgeni ambaye usingempata bila programu. Kwa mteja wa kila siku anayekwenda uwanja wa ndege alfajiri, mapatano ya moja kwa moja yana maana zaidi, mradi bima yako inaruhusu kazi hiyo na hukumshawishi aghairi safari aliyokwisha kuiomba, jambo linaloweza kufanya akaunti yako ifungwe.

Ukigundua kamisheni imevuka asilimia 18, hifadhi picha ya risiti ya abiria pamoja na taarifa yako ya safari hiyo hiyo, zote zikionyesha tarehe na saa, kisha ziambatishe kwenye malalamiko yako kwa NTSA.